Sekunde tatu za kumngoja mtoto

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumai nyote hamjambo. Sisi huku wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikakaa nayo siku tatu kabla ya kushika kalamu, maana naona uliiandika roho ikikuuma. Unasema mwanetu, yule aliyekuwa akihesabu ngazi kila anapopanda, siku hizi akiona daftari la hesabu anasema "hesabu si zangu". Na mwalimu mpya aliyempata mwaka huu, kwa maneno ya mtoto mwenyewe, "hafundishi, anatuuliza uliza tu". Nawe umeazimia kwenda kwa mwalimu mkuu.

Nakuomba usiende kwanza.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa mwalimu wa aina ile anayoitamani mwanetu. Naingia, naandika mada ubaoni, naeleza hatua kwa hatua, natoa mifano mitatu, sauti inafika mpaka dawati la mwisho. Nikiuliza "Mmeelewa?" darasa zima linaitikia "Ndiyo mwalimu!" Wakaguzi walinisifu, wazazi nao wakanisifu. Jioni nikifungua madaftari kusahihisha, ule uelewa siuoni. Nikadhani ni uvivu, nikaongeza ukali. Darasa likatulia tuli, nami nikauita utulivu ule nidhamu. Kumbe watoto walikuwa wananiogopa.

Kuna siku moja sijaisahau. Nilimwita binti mmoja ubaoni ajumlishe 1/2 na 1/3. Akaandika 2/5, kwa mwandiko mzuri kabisa: amejumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake. Nikamwambia, "Kosa. Kaa chini. Nani anajua?" Mkono ukainuka, mwenzake akatoa jibu la 5/6, somo likaendelea. Hata nusu dakika haikufika. Mwisho wa mwaka, nilipokuwa nikijaza ripoti, nikatafuta la kuandika juu ya binti yule, nikakosa. Tangu siku ile sikuwa nimeisikia sauti yake darasani, wala sikuwa nimegundua kwamba siisikii.

Miaka ilipita, kosa lile lile likarudi kwa mtoto mwingine. Safari hii nikasema, "Tueleze umefikaje hapo." Akaeleza. Nikamuuliza, "2/5 na 1/2, ipi kubwa?" Akanyamaza. Nilitamani mno kumsaidia, nikajizuia. Akachora mstari ubaoni, akaugawa mafungu matano, akaweka kidole katikati. "Nusu ndiyo kubwa," akasema. Akanyamaza tena, chaki mkononi, kisha akanigeukia: "Sasa mwalimu, nimeongeza kitu juu ya nusu, halafu imepungua?" Darasa zima likaanza kusema kwa pamoja. Alifuta jibu lake mwenyewe, bila mimi kumwambia afute, na siku iliyofuata alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Hesabu ilikuwa ileile, na kosa lilelile. Kilichobadilika ni nilivyolipokea mimi.

Wapo watu waliolichunguza jambo hili kwa makini. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za masomo mengi ya sayansi, na mwaka 1974 akaandika kwamba mwalimu akishauliza swali hungoja kama sekunde 1 tu kabla ya kurudia swali, kumwita mwingine au kulijibu mwenyewe. Walimu walipojizoesha kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, wanafunzi wakaanza kuulizana wao kwa wao, na hata wale waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Sekunde tatu! Zihesabu sasa hivi ukiwa umekaa, utaona ni chache. Zihesabu ukiwa umesimama mbele ya watoto arobaini, utaona ni ndefu kama safari.

Sasa nije kwenye hilo la "hafundishi". Mwanetu si wa kwanza kulalamika hivyo, na hata watu wazima hulalamika. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, wanafunzi wa kozi ya mwanzo ya fizikia waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilisikiliza mhadhara ulioandaliwa vizuri, jingine likapewa mambo yaleyale lakini likatakiwa kwanza kuhangaika na maswali pamoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Waliohangaika walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio, lakini walipoulizwa, walijiona wamejifunza kidogo kuliko wale waliokaa wakisikiliza. Ukisikiliza maelezo mazuri, mambo yanateleza kichwani, nawe unadhani yamekuwa yako. Ukihangaika, unajiona mjinga, na kumbe hapo ndipo yanapoingia. Basi mtoto wa miaka kumi na moja akija nyumbani amechoka akasema hakufundishwa, msikilize, lakini usilichukue neno lake kuwa hukumu.

Lakini sitaki unielewe kwamba kila mwalimu anayeuliza uliza ni mzuri. Wapo wanaowatupia watoto swali gumu juu ya mada ambayo hawajawahi hata kuiona, wakakaa pembeni wakingoja miujiza. Huko ni kuwatelekeza. Mtoto anayeanza kitu kipya anahitaji kuonyeshwa mfano uliokwisha kufanywa, tena taratibu, pengine zaidi ya mara moja. Mimi mwenyewe bado naeleza, na napenda kueleza. Siku hizi naeleza kidogo, nanyamaza, naangalia nyuso na madaftari, kisha naeleza tena pale walipokwama.

Na ile "hesabu si zangu" nadhani haikuanza mwaka huu. Uliniambia mwalimu wa mwaka jana alikuwa akisoma alama kwa sauti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Hilo limeniuma kuliko yote uliyoandika. Mtoto akisikia alama 34 mbele ya wenzake, hajifunzi alikosea wapi. Anajifunza nafasi yake katika foleni. Mtafiti mwingine, Ruth Butler, alichapisha mwaka 1988 utafiti alioufanya kwa wanafunzi: baadhi walirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, baadhi maoni tu, baadhi vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri na hamu ya kazi ikabaki. Waliopewa alama pamoja na maoni hawakupata faida hiyo, maana ukishaiona alama, maneno yaliyo pembeni yanakuwa kama hayapo. Nami nimeliona kwangu. Tangu nianze kurudisha madaftari yenye swali badala ya namba, watoto wanayafungua palepale, wanasoma, wananifuata na kalamu. Zamani walikuwa wakichungulia namba kisha daftari linaingia mkobani.

Ukienda shuleni, basi, nenda ukaone. Omba ukae nyuma ya darasa somo moja tu. Angalia mtoto akikosea anafanywaje. Angalia mwalimu anaita watoto walewale watano au hata walio pembeni wanafikiwa, na kama watoto wenyewe wanauliza. Ukiona wanachekwa, au wameachwa wanaelea hawana wa kuwashika mkono, nenda kwa mwalimu mkuu, nami nitakuandikia barua ya kupeleka.

Na leo jioni, kabla ya yote hayo, mwite mwanetu. Mwambie achague swali moja alilokosa, moja tu, na umwombe akufundishe alivyolifanya. Usishike kalamu. Usiseme "hapana", hata ukiona kosa linakukodolea macho. Akikwama, hesabu moja, mbili, tatu moyoni, polepole, ndipo umuulize, "Na hapa ulifikiria nini?" Najua hali yako, utatamani kumpa jibu. Jizuie kama nilivyojizuia mimi siku ile. Kisha niandikie alichosema, neno kwa neno, na swali lenyewe liandike, nami nilione.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mwambie mwanetu mama yake mdogo bado anakumbuka kwamba ngazi zilikuwa kumi na saba.

Akupendaye daima,
Shoga yako