Nani kasema pawa metali haikai na Kiswahili?

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Mbeya, huku baridi ya mwezi wa saba inauma kwelikweli, na kwa ndugu zangu wa Iringa nasema kamwene. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa na nikilinyamazia sitalala vizuri.

Mi ni mpiga besi. Tuko wanne, tunapiga mziki unaoitwa pawa metali, mazoezi tunafanyia Uyole kwenye stoo ya viazi ya baba mkubwa wake mpiga gitaa wetu. Stoo ikijaa ndo sauti inakuwa nzuri sababu magunia yanameza mwangwi, viazi vikiuzwa vikaisha basi drams zinagonga ukutani zinarudi mpaka huelewi nani kaanza nani kamaliza. Sasa wiki tatu zilizopita stoo ikiwa imejaa tukarekodi wimbo mmoja kwa simu na maiki ya kuazima, tukaupeleka kwenye kituo kimoja cha redio, mtangazaji akasikiliza kama dakika moja hivi akavua hedfoni akasema vijana mnajua kupiga ila huu mziki haukai na Kiswahili, kaimbeni Kiingereza halafu mrudi. Hatukubishana naye, ni mkubwa kwetu na tulikuwa kwake. Tukapanda daladala tukarudi Uyole hakuna aliyeongea. Lakini toka siku ile nimewaza sana na leo nataka kumjibu, kwa heshima kabisa, yeye na wote wenye mawazo kama yake, kwamba amekosea na nitaonyesha kakosea wapi.

Kwa msomaji asiyeujua huu mziki nieleze kidogo. Ni gitaa za umeme zinazokwenda mbio, mara nyingi mbili zinapiga tuni moja kwa sauti mbili tofauti kama vile soprano na alto kwenye kwaya, drams zina pedeli mbili za miguu zinatwanga bila kupumzika, mwimbaji anapanda juu sana, na kiitikio kinaimbwa na watu wengi kwa pamoja mpaka mwili unasisimka. Maneno yake siyo ya mapenzi. Ni hekaya, wafalme, mapanga yaliyopotea, majoka yanayotema moto, mashujaa wanaokwenda safari ya mbali kuokoa nchi yao. Wengine wanasema ni mziki wa kishetani na hao siwajibu kwa urefu, wasikilize tu nani anashinda mwisho wa kila wimbo, ni wema unashinda uovu, ndo yaleyale bibi alikuwa anatusimulia jikoni habari za zimwi na mtoto mdogo mwenye akili.

Asili yake sehemu kubwa ni Ujerumani. Kuna jamaa wa Hamburg wanaitwa Helloween, mwaka 1987 na 1988 walitoa albamu mbili zinazofuatana ambazo mpaka leo wapigaji wengi wa mziki huu wanazihesabu kama mama. Halafu kuna Blind Guardian wa mji wa Krefeld, walianza 1984 kwa jina lingine, na hawa ndo walionipoteza mimi moja kwa moja. Mwaka 1998 walitoa albamu nzima inayosimulia hadithi za kale za ulimwengu aliobuni Tolkien, yule mwandishi Mwingereza wa hekaya, vito vilivyoibwa, kiapo cha baba na wanawe, vita na usaliti, na katikati ya nyimbo kuna vipande vifupi watu wanaongea kama mchezo wa redio. Na wana wimbo mwingine wa gitaa kavu wa mwaka 1992 ambao wakiupiga jukwaani mwimbaji anawaachia watu na watu wanaimba wenyewe, maelfu ya watu wanaimba, nimeangalia hiyo video sijui mara ngapi.

Sasa hao wote Wajerumani wanaimba Kiingereza. Ni lugha ya kujifunza shuleni kwao kama ilivyo kwetu. Walifanya hivyo maana mziki wenyewe wameurithi kwa bendi za Uingereza na walitaka kuuza mpaka Japani na Marekani, ni sababu ya soko na siilaumu. Ila mtu asiniambie ni sababu ya mziki wenyewe. Mbona Mägo de Oz wa Madrid wanaimba Kihispania toka mwanzo, mwaka 1998 wakatoa albamu nzima juu ya Don Quijote, shujaa wa kwao, kwa lugha ya kwao, na wanajaza viwanja Hispania na Meksiko? Galneryus wa Japani nyimbo zao kibao ni Kijapani. Falconer wa Swideni mwaka 2011 walitoa albamu nzima ya Kiswidi. Finlandi mwaka 2008 iliwapeleka Teräsbetoni kwenye mashindano ya nyimbo ya Ulaya, wimbo ni Kifini mwanzo mwisho, wanaimba habari za wanaume wanaopanda farasi. Waitaliano wa Trieste waliojiita Rhapsody wameimba Kiingereza sehemu kubwa lakini pale walipotaka kulia kweli, kwenye albamu yao ya 2002, wakarudi Kiitaliano. Na huku kwetu Afrika, ijapokuwa siyo pawa metali hasa, Arka'n Asrafokor wa Togo wanaimba Kiewe na ngoma za kwao zimo ndani na magitaa mazito yamo. Kote huko lugha imekaa, sa ikifika kwenye Kiswahili ndo isikae kwa nini?

Tena nikwambie jambo moja Mhariri. Huyo Tolkien mwenyewe ambaye bendi nyingi za mziki huu zinachota kwake, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892, na alikuwa mwalimu wa lugha, alianza kwa kubuni lugha kwanza halafu ndo akatafuta watu wa kuziongea na nchi ya kuwaweka. Moja ya hizo lugha alichota ladha yake kwenye Kifini sababu alikipenda tu kinavyosikika. Yaani kwa baba wa hekaya hizi lugha ndo ilikuja kabla ya panga na joka. Sasa rudi nyuma miezi minne na nusu tu kabla hajazaliwa, tarehe 17 Agosti 1891, uko Lugalo, nje kidogo ya Iringa, asubuhi, jeshi la Wadachi, yaani Wajerumani, chini ya Zelewski linapita na punda wao na mizinga, na Wahehe wa Mkwawa wamelala kwenye majani na mawe wanasubiri. Zelewski hakutoka pale. Halafu 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka, Mkwawa akaingia porini miaka minne hakuna anayemkamata, 1898 akajimaliza mwenyewe kuliko kushikwa, wakamkata kichwa wakakipeleka Ujerumani, na fuvu lake likaandikwa kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, mkataba wa kumaliza vita ya dunia nzima, fuvu la chifu wa Iringa limo humo! Likarudi Kalenga 1954. Nimewahi kusimama mbele yake pale makumbusho. Kuna bendi Ulaya zinahangaika kubuni hadithi ya kifalme ya namna hiyo na haziwezi kuifikia, sisi tunayo, na ni ya kweli.

Kwahiyo wimbo tuliopeleka redioni ulikuwa ni wa Lugalo. Na hapa ndo nataka msomaji anisikilize kwa makini maana ndo hoja yangu yenyewe. Sisi tuliukuta mlango wenyewe uko wazi, unaitwa utenzi. Mstari wa utenzi ni mizani nane, yaani silabi nane. Ukihesabu moja mbili tatu nne, na kila hesabu ukaigawa mara mbili, unapata nane. Gitaa letu la kasi linapiga nane hizohizo. Tena Kiswahili mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ina maana kwenye mstari wa mizani nane mkazo unadondoka kwenye ya saba, na ya saba ndo hesabu ya nne, na kwenye mdundo wetu sinea, ile dram yenye mlio mkali, inagonga mbili na nne. Unaona? Kila mstari unamalizika sinea na mkazo vikigonga pamoja, hakuna aliyepanga, wazee wa pwani walishamaliza hiyo kazi zamani, Utendi wa Tambuka una tarehe ya 1728. Na sauti ya juu ya kuvuta, ambayo ndo roho ya mziki huu, inataka irabu, mdomo uwe wazi, na silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, mwimbaji anaweza kukaa juu ya neno lolote mpaka pumzi iishe.

Ubeti wetu wa kwanza ni huu:

Lugalo palipokucha
majani yaliwaficha
mikuki hawakuacha
adui wakamjia

Uimbe huku unajipiga gotini kwa kiganja utasikia. Ila sikufichi, mstari wa nne ulitutesa Jumamosi nzima. Mwimbaji wetu kila akifika "wakamjia" ile m anaimeza, anaimba kama "wakajia", mizani zinakuwa saba, ji inafika kabla ya sinea na wimbo unachechemea kama gari lenye pancha. Tukarudia, tukarudia, mpiga drams akaweka fimbo chini akamwambia kaka m na yenyewe ni mtu, mpe kiti chake. Akafunga mdomo kwenye m akaivumisha puani, mmm, nusu ya hesabu, halafu ndo akafungua ji kwa nguvu zote. Aisee! Kile kimvumo kidogo kabla ya mlipuko kilikuwa kitamu kuliko mstari wenyewe, sasa tumekiacha makusudi na kwenye kiitikio wote tunakivumisha. Kiingereza kisingetupa hicho kitu. Tumekipata kwa sababu tuliiheshimu lugha badala ya kuikimbia.

Na siyo Mkwawa tu. Hadithi ya Fumo Liyongo ina kila kitu mziki huu unachotaka, mtu asiyeuliwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, mama anampelekea gerezani tupa imefichwa ndani ya mkate, mtoto wake mwenyewe ndo anamsaliti, na anakufa amepiga goti kisimani upinde mkononi watu hawathubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Nani anahitaji kuazima joka la watu? Na huku kwetu kuna Ziwa Ngozi kule juu Poroto, ukisimama kwenye ukingo wa ile kreta ukungu ukifunguka ghafla ukaona maji chini kabisa, wimbo unaanza wenyewe kichwani.

Sitaki kudanganya kwamba ndani ya bendi tumekubaliana yote. Mpiga gitaa ni wa Tukuyu anataka kiitikio kiwe Kinyakyusa. Mpiga drams kwao ni Kalenga anasema wimbo wa Mkwawa usio na neno hata moja la Kihehe ni kama msiba bila wafiwa, na alipoanza kusikia wale wa Krefeld aliniuliza mwaisa, hawa si ndo wa nchi ileile ya Zelewski? Nikamwambia ndo hao. Akakaa kimya akasikiliza mpaka mwisho akasema wamepiga vizuri, wao waimbe ya kwao na sisi tuimbe yetu. Mimi nasimama kwenye Kiswahili kwa ubeti ili msikilizaji wa Tanga na wa Bukoba aelewe kisa, na Kihehe kiingie pale shujaa anapoongea mwenyewe, maana Mkwawa hakuwaamrisha watu wake kwa Kiswahili. Naona hiyo ndo haki.

Na hapo ndo tumekwama na ndo sababu nyingine ya barua hii. Tunataka maneno ya Kihehe ya vitani, yale ya zamani, siyo ya kutafsiri sisi vijana kwa kubahatisha. Kama kuna mzee au mama wa Kalenga, Ifunda, Kilolo au popote Uhehe anayekumbuka wimbo au majigambo aliyosikia kwa babu zake, hata mistari miwili, naomba awaandikie hapa gazetini au amwambie mjukuu wake aandike, na namwomba Mhariri achapishe. Tutahesabu mizani, na ikizidi nane tutabadilisha mdundo, hatutagusa maneno. Wimbo tutaurekodi upya mavuno ya viazi yakijaza stoo, na mtangazaji yule tutampelekea yeye wa kwanza.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga besi,
Uyole, Mbeya