Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumekutana mara chache kuliko nilivyoahidi. Lakini jioni moja ya mwezi wa nane ilitosha kunipa cha kuwaeleza.

Hospitali iliyotukaribisha ilituruhusu kuingia baada ya mgonjwa wa mwisho kutoka, tutumie akselereta yake ya tiba ya mionzi, mashine inayotoa miale yenye nguvu, kuifanya shaba iwe na mionzi, kisha tupime nusu-uhai wake, yaani muda ambao nusu ya atomi za isotopu (aina mojawapo ya atomi za elementi) huwa zimeoza. Miale ya megavolti 6 isingefaa: kung'oa nyutroni moja kwenye kiini cha shaba-63, aina ya kawaida ya shaba, ili ibaki shaba-62 yenye mionzi, kunahitaji nishati ya karibu MeV 10.9, na miale hiyo haizidi MeV 6. Tukaomba ya megavolti 15.

Shaba yenyewe ilitoka Katwe, mtaa wa hapa Kampala. Waya wa umeme tu, tukauchuna plastiki kwa kisu na kuuzungusha ukawa bapa kama chapati. Miale ilipozimwa, afisa wa usalama wa mionzi akapima chumba kwanza, ndipo akaturuhusu kuichukua. Hapo mbio zikaanza, kwa kuwa nusu ya shaba-62 hupotea kwa dakika 9.67, na meza ya kuhesabia ilikuwa mwisho wa korido.

Jibu la kwanza: dakika 13. Mweka hazina akalaumu saa. Saa haikuwa na kosa. Mwanzoni kihesabu cha Geiger, kifaa kinachobofya kila kinapogundua mionzi, kilizidiwa na mibofyo ikapungua kuliko ilivyo kweli. Mwishoni tulikuwa tunahesabu mionzi ya kawaida ya chumbani pamoja na shaba-64, inayozaliwa na shaba-65 iliyomo kwenye waya uleule, na nusu-uhai wake ni saa 12.7. Asubuhi waya ulikuwa bado unabofya. Tukapima mabaki hayo, tukakokotoa yalikuwa kiasi gani usiku, tukayaondoa, tukatupa na dakika za mwanzo. Tukashuka chini kidogo ya dakika 10. Kwangu mimi lile kosa la 13 lilitufundisha kuliko jibu lenyewe.

Kuna waliouliza haya yana faida gani. Waliokuwepo mwaka 2016 wanakumbuka mashine ya kobalti ya kutibu saratani kwa mionzi ya hospitali ya Mulago, hapa Kampala, ilipoharibika, wagonjwa wakabaki kutazama Nairobi. Kobalti-60 hupungua nusu kila miaka 5.27, chanzo cha mionzi kisipobadilishwa baada ya muda huo, mgonjwa hulala chini ya mashine mara mbili ya muda wa awali kwa dozi ileile. Anayejua kusoma mchoro wa kuoza anaiona mapema siku ya kubadilisha chanzo.

Fedha: zaidi ya nusu yetu hatujalipa ada, nami nimo, nitalipa Ijumaa.

Mwaka ujao nataka dhahabu. Nusu-uhai wa dhahabu-196 ni siku 6 na kidogo, hatutakimbia korido. Pete haifai, mara nyingi imechanganywa na shaba, na mke wangu ameshakataa hata hivyo. Mwenye kipande kidogo cha dhahabu safi anione kabla ya mkutano wa Januari.

Mwenyekiti,
Kampala