Mdogo wangu, kabla hujaandika programu ya akina mama wanyonyeshao

Mdogo wangu,

Salamu kutoka Hanoi. Mvua imenikatisha usingizi, nikaona bora nikujibu sasa hivi kuliko kugaagaa kitandani. Uliniambia kwenye simu kwamba wewe na wenzako mmeanza kutengeneza programu ya simu ya kuwasaidia akina mama wanaonyonyesha, ukaniuliza Wavietnam wanafanyaje, maana umesikia kila mtu huku ana simu janja. Siku ile nilikujibu kwa mkato. Jibu lenyewe ni refu, na naliweka hadharani kwa kuwa najua hauko peke yako kwenye kazi hii. Wewe ni mwanaume, na nitataja ziwa na chuchu bila kuzungusha maneno. Usione haya. Ukiona haya wewe, programu yako nayo itaona haya.

Jirani yangu wa mlango wa pili alijifungua mwaka jana, kwa upasuaji. Huku mzazi anakaa ndani mwezi mzima, wanaita ở cữ. Wewe uliyekulia Tanga huhitaji maelezo, ni arobaini yetu kwa hesabu fupi zaidi. Hapigwi upepo, hanywi cha baridi, na jikoni panachemka miguu ya nguruwe na papai bichi ili maziwa yashuke, kama mama alivyotuchemshia uji wa pilipili manga. Siku ya tisa, saa tatu usiku, akanitumia meseji ya Zalo nije. Zalo ndiyo WhatsApp yao, wameitengeneza wenyewe.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto analia kwa sauti iliyokauka. Mama mkwe amesimama pembeni na kikombe cha maji ya uvuguvugu na kijiko. Maji yale ni ya kumsuuza mtoto kinywa baada ya kunyonya, desturi ya zamani ambayo wazee wanaifanya kwa mapenzi kabisa. Simu ilikuwa juu ya mto. Nikaitazama. Kulikuwa na programu inayohesabu dakika: ziwa la kushoto dakika 4, la kulia dakika 6, na mstari mwekundu kuonyesha kwamba leo mtoto amenyonya pungufu kuliko jana. Juu ya mstari huo ilikuwa imeingia arifa ya mtu aliyejiita mshauri wa lishe, kutoka kampuni ya maziwa ya kopo: Mama, una uhakika mtoto anashiba? Tukupigie?

Hakuwahi kuwapa namba yake. Tulipokaa tukafikiri, akakumbuka kwamba alipokuwa na mimba ya miezi mitano alijaza tarehe ya kujifungua kwenye programu fulani ya wajawazito ili apate begi la zawadi. Waliijua tarehe. Walijua kwamba siku ya tisa baada ya tarehe ile kuna mwanamke asiyelala, mwenye kidonda tumboni na chuchu zilizopasuka, anayejiuliza swali hilohilo waliloliandika.

Sasa sikia kilichomsaidia, nacho kilikuwa ndani ya simu hiyohiyo. Alikuwa kwenye kundi dogo la akina mama ambamo mkunga mmoja hujibu maswali jioni akishatoka zamu. Mkunga akaomba video fupi ya mtoto akinyonya, na simu nikaishika mimi. Sekunde ishirini hivi. Jibu halikuchelewa: mtoto ameshika chuchu tu, midomo imejikunja ndani, na shingo ameigeuza kama mtu anayekunywa huku anatazama nyuma. Mlaze tumbo lake liguse tumbo lako. Usimsukume kichwa, msogeze mwili mzima. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, usubiri mpaka apanue kinywa kama anapiga mwayo, halafu mlete upesi, kidevu kitangulie kugusa ziwa. Tukajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nilisikia mtoto akimeza, sauti ndogo, gu, kisha kimya, kisha gu tena. Jirani yangu akashusha mabega ambayo nadhani alikuwa ameyapandisha kwa siku tisa.

Mkunga hakuishia hapo, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Aliomba kuongea na bibi wa mtoto, kwa sauti, si kwa maandishi. Hakumkemea kuhusu kikombe. Alimwamkia kwa heshima inayostahili umri wake, akamuuliza yeye aliwanyonyeshaje watoto wake miaka ile ya mgao, kabla ya 1986, wakati maziwa ya kopo yalipatikana kwa kuponi. Bibi akasimulia, na aliposimulia alijikuta anasema mwenyewe kwamba hakuwa na kingine cha kuwapa zaidi ya ziwa, na wakakua. Ndipo mkunga akamweleza kwamba maziwa ya mama, zaidi ya sehemu nane katika kumi, ni maji. Mtoto amekwisha kuyanywa humohumo, na kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo. Kikombe kilirudi jikoni. Chuchu zilichukua siku nne kupona, sikudanganyi kwamba yalikuwa maajabu ya usiku mmoja.

Tazama basi: simu moja, usiku mmoja, sauti tatu. Mashine inayohesabu, kampuni inayouza, na mtu anayejua kazi yake. Programu yako itakuwa sauti ipi? Mengine yote, rangi, nembo, jina, mtayamaliza baadaye.

Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza mtu, tazama yaliyotokea katika nchi hii. Mwaka 2011 watoto wa chini ya miezi 6 walionyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 17 tu. Si kwamba wanawake hawakunyonyesha, karibu wote walinyonyesha, ila katikati waliingiza maji, maziwa ya kopo na uji wa mapema. Mradi wa lishe ya watoto uitwao Alive & Thrive ukashirikiana na serikali kufungua vyumba vya ushauri ndani ya vituo vya afya, vyenye nembo moja ya Mặt Trời Bé Thơ, yaani jua la utotoni. Wakaweka matangazo ya televisheni yenye watoto wachanga wanaozungumza, wakaweka tovuti na ukurasa wa Facebook. Kule ambako mama alipata vyote, tangazo na mshauri wa kukaa naye uso kwa uso, waliolishwa maziwa ya mama pekee walipanda kutoka asilimia 19 mwaka 2010 hadi 58 mwaka 2014. Kule ambako walipata matangazo na huduma za kawaida, ongezeko lilikuwa dogo zaidi kwa mbali. Kwa nchi nzima, kufika 2020 ilikuwa asilimia 45.

Na sheria ilishika upande wa mama. Tangu Mei 2013 likizo ya uzazi ni miezi 6. Kwetu Tanzania ni siku 84. Mama wa huku akirudi kazini ana dakika 60 kila siku, zenye mshahara, mpaka mtoto atimize mwaka. Kiwanda chenye wanawake 1,000 au zaidi lazima kiwe na chumba cha kukamulia maziwa. Sheria ya matangazo ya 2012 inakataza kutangaza maziwa mbadala ya mtoto wa chini ya miezi 24. Anayeuza mboga barabarani hana mwajiri wala dakika 60, hilo nalo ukumbuke.

Lakini sheria ile haikuzifunga kampuni mikono yote. Kampuni zikatangaza maziwa ya wajawazito na ya watoto waliozidi miaka miwili, kopo lenye sura ileile, na zikahamia kwenye simu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti baada ya kuwauliza wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi 8. Vietnam ilikuwa mojawapo, na wanawake 92 katika kila 100 waliohojiwa huku walisema wamefikiwa na matangazo ya maziwa ya kopo. Klabu za wazazi, namba za ushauri za saa 24, makundi ya mitandaoni: njia zilezile ambazo wewe unafikiria kuzitumia kwa wema, wenzako wamekwisha kuzitumia kwa biashara. Siku hizi wapo huku wanaotumia akili mnemba kuyasaka matangazo hayo mitandaoni ili yaripotiwe, na ni kazi nzuri, ila inakuja nyuma ya kosa. Yule jirani alikuwa amekwisha kupata ile arifa.

Kwa hiyo naomba sana jambo hili moja: tarehe ya kujifungua ya mwanamke ni siri yake. Usiiombe kama huihitaji. Ukiihitaji, usimpe mtu wala usimuuzie mtu, hata akija na pesa za kuendeshea mradi mwaka mzima. Watakuja, tena wakiwa wamevaa vizuri.

Halafu kile kihesabio cha dakika. Najua kinavutia kukitengeneza, namba zinapendeza kwenye kioo. Lakini ziwa halifanyi kazi kwa saa. Maziwa yanatengenezwa kwa kutolewa: mtoto akinyonya sana leo, ndivyo anavyoagiza ya kesho, na homoni inayoyatengeneza hupanda zaidi usiku, wakati uleule mama amechoka na chupa inaonekana kama msamaha. Chupa moja ya usiku ni agizo moja lililofutwa. Mama anayeona mstari mwekundu anakimbilia chupa. Badala ya dakika, muulize amebadilisha nepi ngapi zilizolowa. Baada ya siku ya tano, sita au zaidi kwa siku ni dalili njema, na kila mama anaweza kuzihesabu kwa macho. Zikiwa chache, au mtoto analala tu haamki kunyonya, hapo programu isitoe somo. Imwambie aende hospitali, na iseme hivyo kwa maneno matatu.

Wapo pia ambao maziwa hayakutosha, au ugonjwa ulizuia, au kazi ilishinda. Wasifungue programu yako wakakutana na hukumu. Mwenzangu mmoja kazini alifuta programu ya namna hiyo huku analia, kwa sababu kila asubuhi ilimpongeza kwa kitu ambacho hakuweza kukifanya.

Usisahau bibi. Vijana wengi wa viwanda vya Bắc Ninh na Bình Dương wametoka vijijini, na likizo ikiisha wapo wanaompeleka mtoto kwa bibi na kurudi kwenye mashine. Anayemlisha mtoto siku nzima ni mtu wa miaka sitini mwenye macho yasiyoona maandishi madogo. Na milimani kuna Watày, Wahmong, Wadao, ambao lugha ya vitabuni si lugha ya jikoni kwao. Huko Thái Nguyên palikuwa na mradi wa kuwatumia wajawazito na wazazi wa makabila hayo meseji za kawaida, zisizohitaji bando wala simu ya gharama, na kuwaunganisha na wahudumu wa afya. Mimi ningeongeza sauti. Sauti ya mwanamke anayeongea kama watu wa pale inakwenda mbali kuliko kurasa hamsini. Wewe mwenyewe unatumia Halotel, mtandao wa Viettel, kampuni ya simu ya Vietnam, ulioanza kwetu 2015 na kufika mpaka vijijini, kwa hiyo njia ya kufikisha sauti hiyo unayo mkononi.

Nyumbani tuna heri ambayo wengi hawaioni. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto wetu wa chini ya miezi 6 wananyonya maziwa ya mama pekee, zaidi ya huku. Mama zetu na manesi wa kliniki wamejenga hilo bila simu janja. Simu ndiyo inaingia sasa, na makopo yanaingia nayo. Naandika kwa hofu hiyo, sikufichi.

Nina ombi. Jumanne nenda kliniki ya pale karibu na nyumbani, umtafute yule nesi mnene mwenye sauti ya upole aliyekuwa anampima mtoto wa dada. Usimwonyeshe programu yenu. Muulize akina mama wanampigia usiku kuuliza nini, uandike maswali kama walivyoyasema wao, bila majina, unitumie. Nitamtafsiria jirani yangu, amekubali kuyasoma. Yeye amerudi kazini benki. Mtoto ana miezi 11 na meno sita, na jioni akisikia ufunguo mlangoni anatambaa mpaka pale, mama anakaa papo hapo sakafuni na kumpa ziwa kabla hajavua viatu.

Dada yako