Mjomba, jezi yako na mtamba wako wametoka kisiwa kimoja

Shikamoo mjomba,

Mwezi uliopita tukiwa zizini kwako Mpwapwa, ulimpapasa yule mtamba wa kahawia ukaniuliza: kwa nini bwana mifugo anamwita Jersey, jina lile lile la jezi ya Yanga uliyokuwa umevaa? Nikakujibu harakaharaka kwamba maneno yamefanana tu. Nilikosea, na tangu nirudi Dodoma mjini jambo hilo halijaniacha. Swali lako lilistahili jibu la heshima.

Jersey ni kisiwa. Kiko baharini kati ya Uingereza na Ufaransa, jirani zaidi na Ufaransa, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 120 tu.

Nianze na jezi. Watu wa huko walikuwa mafundi wa kufuma sufu, hasa soksi ndefu zilizouzwa ng'ambo. Walifuma wanaume kwa wanawake, mpaka mashamba yakakosa watu. Mwaka 1608 ikatoka sheria: mwenye zaidi ya miaka 15 asifume wakati wa mavuno, wala wakati wa kukusanya mwani wa kurutubishia mashamba. Mkaidi afungwe, ale mkate na maji. Nilipofika hapo nilimkumbuka bibi, alivyokuwa akisuka ukili usiku msimu wa kupalilia uwele, kwa sababu mchana jembe lilikuwa halimpi nafasi. Ufundi ule haukufa. Kitambaa kikabeba jina la kisiwa, zikafuata sweta za wavuvi, kisha fulana za wanamichezo, na sisi Waswahili tukalilainisha neno likawa jezi. Siku hizi hakuna hata uzi mmoja wa sufu ndani yake, lakini jina limebaki.

Ng'ombe naye ana habari yake. Mwaka 1789 kisiwa kilipiga marufuku kuingiza ng'ombe kutoka nje, na ukoo wao ukakaa bila kuchanganywa kwa zaidi ya miaka 200. Ndiyo hao: umbo dogo, macho makubwa, maziwa yenye mafuta karibu asilimia 5. Hali chakula kingi kama Friesian, yule ng'ombe mkubwa wa maziwa mwenye mabaka meusi na meupe, na joto analivumilia vizuri kuliko yeye. Subiri azae, utaona mtindi wake unavyoganda.

Lipo pia jimbo la New Jersey kule Marekani. Mwaka 1664 ardhi ile walipewa mabwana wawili wa Kiingereza, mmoja wao George Carteret, mzaliwa wa Jersey, na jina likamfuata.

Na kwenu pia limetokea, mjomba. Kituo cha utafiti wa mifugo hapo hapo kilichanganya mbegu za Asia na za kwetu, akapatikana ng'ombe anayeitwa Mpwapwa. Wapo wafugaji wanaomjua ng'ombe huyo bila kuwahi kuuona mlima wenu hata mmoja.

Mtamba akizaa nipigie simu. Nitakuja na jezi mpya, hiyo uliyonayo imepauka mabegani.