Barua kwa mwanangu: kumtafuta babu aliyekuwa manamba

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza uanzie wapi kumtafuta babu mkubwa aliyekuja Tanga kukata mkonge, na unataka kwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Usiende bado. Mafaili pale yamepangwa kwa ofisi iliyoyaandika, yaani jimbo na wilaya, na hakuna faili linaloitwa kwa jina la manamba, yaani kibarua wa mkonge. Ukiingia na jina tupu utatoka na jina tupu. Kwanza ipate wilaya.

Wilaya anayo bibi yako, ila ukimuuliza "tulitoka wapi" atasema "Kigoma", na mazungumzo yatakuwa yameisha. Muulize ukoo una mwiko gani. Muulize ni watani gani walikuja kutania siku ya maziko ya mzee, maana watani hawaji bure. Muulize mzee akikasirika alitukana kwa lugha gani. Hapo pwani watu wengi wa bara waliitwa Wanyamwezi tu, kwa hiyo neno hilo lisikutoshe. Kisha muulize mzee alikuwa chini ya mwami, yaani mtemi, yupi, kwa sababu Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, haikuwa na mwami mmoja. Akitaja Heru, tafuta Kasulu. Muhambwe ni Kibondo. Buyungu ni upande wa Kakonko. Akisema "enzi za Mwami Theresa", hiyo bado ni Heru.

Miaka hatakuwa nayo, nawe usimlazimishe, atakutungia. Pima kwa matukio. Mzee alikuja kabla ya vita vya Hitla au baada yake? Uhuru ulimkuta ameshaoa? Kama aliandikishwa na Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya kukusanya vibarua, basi si kabla ya 1944, kwa kuwa ndipo ilipoanza. Sikiliza na njia aliyopita. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini haikuunganishwa na reli ya Tanga hadi 1963. Ukiambiwa mzee alipanda treni Kigoma mwaka 1950 akashukia Korogwe, kuna kipande cha safari kimerukwa, na aliposhuka kungoja lori huenda ndipo alipopata mke wa kwanza. Uliza.

Majina ndiyo yanayowapoteza wengi. Karani wa shamba aliandika alivyosikia, na wengine walijipa jina jipya siku ya kuandikishwa. Ukibahatika kuona kipande cha zamani, ile kadi ya siku 30 iliyojazwa ndipo mtu alipwe, jina lililo juu yake lichukue kama jina la shambani tu. Jambo baya zaidi ni mjukuu kupewa jina la babu. Wanaume wawili wenye jina moja wanageuka mtu mmoja kwenye daftari lako, na huyo mtu anapata watoto kwa miaka sitini. Ukiona hivyo, mtenganishe. Kila mtu awe na ukurasa wake, na pembeni uandike nani amekueleza na siku gani. Tahajia ibaki kama ilivyotamkwa, usiisafishe.

Mzee alifunga ndoa kanisani, na hiyo ni nafuu kubwa. Nenda parokia alikooa, uombe kitabu cha ndoa, si cha ubatizo. Kwenye ndoa padri hutakiwa kuandika bwana harusi alibatizwa parokia gani. Ukipata, mathalani, Kabanga ya Kasulu, ndipo unaandika barua kule kuomba mstari wake wa ubatizo: majina ya wazazi, msimamizi, na mara nyingi kijiji. Kwenye pambizo la mstari huo huwekwa taarifa ya ndoa iliyotumwa kutoka Tanga. Ikilingana, umempata mwenyewe. Vitabu vya zamani vimeandikwa Kilatini na jina la ubatizo huja limevaa mkia: Petrus ni Petro, Josephus ni Yosefu. Usiombe kupiga picha kitabu kizima. Omba mstari mmoja, uwe na mwaka mkononi.

Vipimo vya vinasaba unavyoviona mtandaoni viache. Vitakuonyesha eneo pana, kitongoji havikijui.

Sasa ndiyo Upanga. Omba vitabu na mafaili ya wilaya uliyoipata. Kumbuka Kigoma ilikuwa chini ya Wabelgiji kuanzia 1916 hadi 1921, kwa hiyo usishangae ukikuta pengo kwenye karatasi za Waingereza. Za Kijerumani huandika majina kwa sauti yao: Muansa, Kilossa, Udjidji. Yasome kwa sauti ndipo yanajitokeza.

Ukifika Kasulu, usiridhike na kijiji kilicho barabarani. Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, iliwahamisha watu, na jina la zamani mara nyingine lilihama nao. Mwombe mtendaji wa kijiji akupe mzee wa kukupeleka kwenye mahame. Angalia michikichi na miembe iliyokaa kwa mpango mahali pasipo nyumba, na mawe ya kusagia. Chukua nukta ya ramani kwa simu ukiwa umesimama palepale, kwa sababu ukirudi mwaka wa pili patakuwa shamba la mihogo.

Bibi huongea vizuri baada ya chai ya asubuhi. Jioni anachoka na kuchanganya ndugu. Mchukulie na tumbaku yake.

Mama yako