Mama, sinia na Ramadhani iliyo mlangoni

Ngamiani, Tanga
Mwezi wa Shaabani

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe huko Maskati, shemeji hajambo, watoto hawajambo? Huku sote wazima, joto tu ndilo linalotunyanyasa. Najua utaanza kwa kunisuta kwamba tangu harusi ya Saumu sijakuandikia hata mstari mmoja. Nisute, ukishamaliza unisikilize, maana jambo lenyewe ni la Mama na halingoji.

Juzi baada ya isha Mama katutangazia. Hakutuomba ushauri, katangaza: mwaka huu anafunga Ramadhani nzima, haachi hata siku moja. Kaka Bakari akacheka, kadhani ni utani. Mimi sikucheka. Wewe unamjua Mama akisema neno huku anakunja mkeka.

Sukari na presha yake unazijua tangu hujaondoka, sina haja ya kukuhadithia upya. Usichokijua ni vita ya chakula iliyokuwa humu ndani mwaka wote huu. Kliniki walimpa karatasi nzuri, imepigwa chapa, ina picha ya sahani iliyogawanywa: nusu mboga za majani, robo wanga, robo samaki au maharage. Hapo hakuna ubishi, ni kweli tupu. Geuza nyuma sasa. Wameandika brokoli, tufaha, maziwa yasiyo na mafuta, na mkate wa aina ambayo boflo la hapa hata halijawahi kukutana nao. Mwanaidi, brokoli soko la Mgandini? Mama kaisoma yote, kavua miwani, kaniuliza, "Huyu mgonjwa wanayemsema anakaa wapi?"

Halafu hiyo sahani yenyewe. Nyumba yetu nani anakula kwenye sahani? Sinia linatengwa, wali umepandishwa kilima, mchuzi umemiminwa juu, mikono yote inaingia. Wanasema wali wake usizidi ngumi yake aliyoifumba. Ngumi utaipimia wapi kwenye sinia? Na Mama mlaji wa polepole, mazungumzo mengi. Wengine wanamaliza wanaondoka, anabaki yeye na Rukia, na chakula kubaki kwake ni dhambi. Anafuta mpaka kingo. Ukimwambia Mama leo umekula sana, anakujibu, "Nimekula upande wangu tu."

Tukamwekea sahani yake peke yake. Siku hiyo hakula kabisa. Kakaa upande, kageukia ukutani, anauliza katengwa kwa kosa gani. Basi nikaacha kubishana na Mama, nikabishana na sinia. Siku hizi katikati linakaa bakuli kubwa la mboga, mchicha au tembele au bamia, na siku nikipata mchunga ndiyo sikukuu yake, anaupenda uchungu ule. Wali unatandazwa pembeni, mwembamba, kwa watu wote. Samaki wa kuchoma au wa kuchemsha, kibua wakiwa rahisi, changu mfuko ukiwa na neno. Kachumbari tunaanza nayo kabla ya wali, maana mtu akishatia mboga na samaki tumboni ule mkono wa wali unapungua wenyewe, na mashine yetu ya kupimia sukari ya damu nayo inaonyesha haipandi kwa kasi ile ya zamani. Mbaazi tunakula sana, nazi tui jepesi tu. Wali wa nazi wenyewe ni Ijumaa.

Wifi yetu amekasirika. Anasema anakula chakula cha hospitali na yeye haumwi. Nimemwambia wifi, hii ni mboga na samaki, mabibi zetu walikula hivihivi, pilau ilikuwa ya shughuli. Hakunijibu, ila jioni nilimwona anateremka na kifuko cha chipsi. Shauri yake. Lakini unaona ninapoelekea? Mgonjwa ni mmoja na chungu ni kimoja. Ukimpangia yeye peke yake umempangia adhabu, na Mama hakubali adhabu asiyojua kosa lake.

Chumvi ndiyo ilinitoa jasho zaidi. Wanasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo iliyojificha. Kwetu imejificha kila mahali! Papa mkavu na ng'onda ni chumvi yenye mifupa. Achari. Vile vidonge vya kutilia ladha mchuzi. Hata magadi anayotia kwenye kisamvu kiwahi kulainika, nayo yanahesabiwa, maana yana sodiamu ileile inayopandisha presha. Magadi ameacha, kisamvu anakitwanga zaidi tu. Ng'onda hajaacha. Anasema nimloweke usiku, nibadilishe maji, nimchemshe nimwage. Nafanya hivyo, chumvi inapungua, lakini haiishi, na akishaondoka chumvi Mama analalamika kwamba nimempikia kamba ya viatu. Ndimu, pilipili, kitunguu saumu na tangawizi ndivyo vinavyoniokoa. Kuna duka hapa barabara ya pili wanauza chumvi wanayosema ni ya watu wa presha. Usije ukamnunulia huko kwa mapenzi. Daktari alinikataza nisimpe bila kumuuliza, kwa sababu ina potasiamu, na mwenye figo dhaifu au anayemeza baadhi ya dawa za presha inaweza kumgeukia ikawa sumu.

Na majirani, Mwanaidi! Mama Kidawa kaapa kwamba asali haina sukari kwa kuwa imetoka kwa nyuki. Mwingine kasema dona halipandishi, kula utakavyo. Dona lina nafuu, nakubali, nyuzinyuzi zimo, lakini wanga ni wanga, ukilila bonge mashine haitakuonea haya. Uwatu anaunywa, sijamkataza, nimemwambia tu usichukue nafasi ya vidonge.

Nikuambie na ya mashine, ucheke kidogo. Kaka Bakari kaileta kutoka Dubai, nzuri, ndogo. Siku ya kwanza imesoma 162. Nyumba ikalipuka. Wifi kashika kichwa, Rukia analia, mimi natafuta bajaji, kwa sababu kliniki tumezoea kusikia saba, nane, tisa. Kumbe hiyo inahesabu kwa miligramu, ya kliniki inahesabu kwa milimoli. Gawa kwa 18. Ilikuwa 9 ileile ya kila siku! Sasa Rukia ndiye mhasibu, anagawa kichwani kabla sijafungua daftari.

Lakini nilichotaka kukueleza ni hitma ya kwao Kidawa, maana ndiyo inayonikosesha usingizi nikisikia habari za kufunga. Asubuhi Mama kameza vidonge vyake, kanywa chai ya rangi kavu, kasema chakula atakula hukohuko, asijaze tumbo bure. Unazijua hitma zetu. Adhuhuri ikapita, pilau bado iko jikoni. Mara namwona anatoka jasho na feni inapiga, mikono inamtetemeka, anamwita Saumu jina la marehemu shangazi. Mmoja anasema presha, mwingine anasema upepo mbaya, wa tatu kashaanza kumsomea. Rukia, mtoto wa darasa la sita, ndiye aliyepenya katikati ya kanga zote zile akaja na soda, akamnywesha nusu glasi. Robo saa haijaisha, Mama anauliza pilau imefikia wapi.

Nesi alinieleza baadaye. Vidonge vyake ni vya aina mbili. Kimoja, metformini, hicho kinataka tumbo lenye chakula lisichafuke, kikiwa peke yake si rahisi kuangusha sukari. Cha pili kinaisukuma kongosho ishushe sukari uwe umekula au hujala. Ukimeza hicho ukakaa na njaa, sukari inateremka chini ya 4, na ndiyo yale tuliyoyaona. Dawa yake ni kitu kitamu cha haraka, nusu glasi ya soda au vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kisha ale. Akiwa amezimia asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Sasa nieleze, huyo wa hitma, asubuhi moja tu, atafunga saa kumi na tatu na ushei vipi na vidonge vilevile, kwa saa zilezile?

Sisemi asifunge kabisa. Usinielewe vibaya. Wapo wenye sukari wanaofunga kwa masharti, daktari akabadilisha saa za dawa na kipimo chake. Ila aonwe kabla, dawa zipangwe mapema, isiwe usiku wa kuandama mwezi ndiyo tunabisha hodi. Na akubali kupimwa mchana, maana masheikh wengi wamesema kutoboa kidole hakufunguzi. Na ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda ikapita 16.6, anafungua hapohapo bila mjadala. Masharti haya nimemsomea yote. Kanyamaza. Nikamsomea Al-Baqara, aya ya 184, kwamba aliye mgonjwa ameruhusiwa. Unajua kanijibu nini? "Hiyo ni ya wagonjwa."

Halafu hata tukishinda la mchana, kuna la magharibi. Umeshawahi kuitazama futari yetu kwa jicho la kipimo? Muhogo wa nazi, magimbi ya nazi, viazi vikuu, ndizi mbivu, tambi za sukari, kaimati zinameta, uji wa sukari wa kusukumia. Zihesabu zote, ni wanga umejikaribisha wenyewe kwa wenyewe. Mboga ya majani haipo, samaki kajificha. Mpango wangu ni huu, nawe unikosoe: afungue kwa maji na tende moja, supu ya kunde au ya samaki badala ya uji, akaswali. Akirudi, mezani kuwe na wanga mmoja tu kwa siku, kwa zamu. Leo magimbi, kesho muhogo, keshokutwa ndizi mzuzu, na kando yake mboga na kitoweo cha maana. Tambi na kaimati ziende kwa wageni. Daku nayo asiiache akalala, na aile mwishomwisho karibu na alfajiri: ugali kidogo wa dona, maharage, yai, maji ya kutosha. Nimekwishamwambia wifi kuhusu zamu za futari. Kauliza kama na hewa tutavuta kwa zamu.

Sasa ombi langu, shoga. Mama hanisikilizi mimi, mimi ni mtoto niliyemsumbua. Wewe anakuona mtu mzima mwenye akili, sijui ulimfanyia nini. Mpigie. Usimwambie nimekuandikia, anza na habari za mama mkwe wako, yeye mwenyewe atauliza. Lengo ni moja tu, akubali kwenda kuonana na daktari kabla mwezi haujaandama, na Kaka Bakari ampeleke.

La pili, vikaratasi vya mashine. Vya aina hii hapa Tanga nimezunguka maduka yote ya dawa, hakuna, na vya mashine nyingine haivikubali. Nikipata vichache navihesabu kama dhahabu, napima siku moja moja, na Ramadhani napaswa nipime mara nyingi kwa siku. Picha ya kopo nimekutumia. Angalia tarehe ya mwisho kabla hujalipa, na mwambie mletaji asilifungue kopo, unyevu unaviharibu. Pesa nitampa mama yako mkononi, usikatae.

Lile la Saumu na yule bwana nimelisikia, tena kwa watu watatu na kila mmoja ana lake. Hilo litakuwa na barua yake.

Nijibu haya kwanza. Mama mkwe wako alikubali vipi kuacha kufunga akatoa fidia ya kulisha maskini, nani aliyemwambia, ni daktari au sheikh, au mlikwenda na wote wawili? Alilia? Mlikuwa mnamwekea chakula cha mchana wapi ili asione haya mbele ya wajukuu? Huko Maskati futari mnapanga nini, na wali mnampimia kwa nini, kwa kikombe au kwa macho? Kuna mtu anakuja Dar kabla ya mwezi kuandama? Na wewe mwenyewe, umepima lini mara ya mwisho? Usinidanganye, bibi yako alikuwa nayo na mama yako anayo.

Mpigie Alhamisi baada ya asri, ndiyo saa anayokuwa barazani peke yake. Ijumaa usithubutu, Ijumaa kuna wali wa nazi.

Wako shogayo,
Mwanahamisi