Macho ya watoto wetu njiti
Kina mama na kina baba, habari za asubuhi. Mwenye mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32, au chini ya kilo 1.5, tafadhali asisubiri: macho yapimwe kati ya wiki ya 4 na ya 6 tangu azaliwe, hata kama bado yuko wodini. Mishipa ya nyuma ya jicho haijakomaa, na oksijeni iliyomwokoa inaweza kuivuruga. Kwa nje jicho linaonekana zima kabisa! Likiwahiwa, kuna leza au sindano. Likichelewa, mtoto anaweza kupofuka.

Atawekewa matone ya kupanua mboni, atalia, mvumilieni. Bebeni kitenge cha kumkinga jua mkitoka. Wa Ukerewe na Sengerema, semeni leo tupange safari ya kivuko.